Choo cha Mlemavu Mahali pa Kazi: Haki Hii Ilikotoka



Kamati ilipoamua kutoa toleo hili la ukumbusho wa Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 1992 kuwa tarehe 3 Desemba ya kila mwaka, sisi walimu tuliombwa kujaza ukurasa wa historia. Wengi walitegemea tungeandika juu ya viongozi na mikutano mikubwa. Sisi tumechagua choo. Wapo watakaocheka, na wapo watakaoona haya, maana kwetu mtu anayekwenda haja husema tu kwamba anatoka kidogo, wala chumba chenyewe hakitaji. Tunawaomba wazee wetu na mama zetu watuvumilie, kwa sababu haya hii hii ndiyo imefanya jambo lenyewe lichelewe kusemwa.

Katika kambi yetu walemavu ni wengi. Kuna waliopatwa na polio utotoni, kuna waliopoteza miguu vitani, na kuna wazee ambao magoti yamekataa. Lakini ukitazama wanaofanya kazi za motisha shuleni, zahanati, ghalani na ofisini, utawahesabu kwa vidole. Tulipowauliza wale waliowahi kuajiriwa wakaacha, hawakulalamikia sana malipo wala maneno ya watu. Walitaja choo.

Mwalimu mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina, anatembea kwa magongo. Alifundisha darasa la tatu kwa mihula miwili, na madaftari yake ya maandalio yalikuwa safi kuliko ya kwetu sote. Asubuhi hakunywa chai wala maji. Wakati wa mapumziko, sisi tukitoka, yeye alibaki darasani akisahihisha. Choo cha walimu kina ngazi mbili za udongo, mlango mwembamba na tundu la kuchuchumaa, na mtu mwenye magongo mawili hawezi kuchuchumaa pasipo kitu cha kushika. Mwishowe alianza kuumwa njia ya mkojo, akaacha kazi. Watoto wa darasa la tatu waligawanywa katika madarasa mengine, na kila darasa likapita idadi yake.

Basi tukataka kujua: je, jambo hili limewahi kutokea kwa wengine, na wao walifanyaje?

Sheria za choo mahali pa kazi si mpya. Zilianzia viwandani huko Ulaya, wakubwa walipotambua kwamba kukusanya mamia ya watu chini ya paa moja pasipo vyoo ni kukaribisha maradhi. Nchini Uingereza, kwa mfano, kanuni za mwaka 1938 zilitaka kiwanda kiwe na choo kimoja kwa kila wafanyakazi wanawake 25, na hesabu iliyokaribia hiyo kwa wanaume. Sisi tuliosoma chuo cha ualimu tulifundishwa kwa mtindo huo huo: mashimo mangapi kwa wanafunzi wangapi, wavulana upande wao, wasichana upande wao, na shimo liwe mbali na kisima. Tulijibu maswali hayo katika mitihani tukapata alama. Upana wa mlango haukuulizwa hata mara moja. Sheria ilihesabu vichwa vya watu, ikachukulia kwamba kila kichwa kina miguu miwili yenye nguvu chini yake.

Aliyeivuruga hesabu hiyo ni vita. Baada ya Vita Kuu ya Pili maelfu ya askari wa Marekani walirudi nyumbani wakiwa wamepooza au wamekatwa viungo, na kwa dawa mpya za wakati ule walikuwa na matumaini ya kuishi miaka mingi. Serikali yao iliwalipia masomo. Mwaka 1948 Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha mpango wa wanafunzi walemavu katika mji wa Galesburg, mahali palipokuwa hospitali ya jeshi, chini ya mwalimu aliyeitwa Timothy Nugent. Mwaka uliofuata tawi hilo lilipofungwa, wanafunzi wenyewe waliandamana kudai wasiachwe, na mpango ukahamishiwa kwenye makao ya chuo kikuu. Pale ndipo yalipoanza maswali ambayo vitabu vya ujenzi havikuwa na majibu yake. Mteremko uwe mkali kiasi gani ndipo mtu apande bila kusukumwa? Mlango uwe na upana gani? Kiti cha choo kiwe juu kiasi gani?

Majibu yalitokana na kupima watu wenyewe wakiwa katika viti vyao. Mwaka 1961 yalichapishwa kama kiwango cha taifa cha Marekani, cha kwanza cha aina yake, nacho kilikuwa na kurasa 6 tu. Tunawaandikia mafundi wetu baadhi ya vipimo vyake, kwa kuwa kazi yao inavihitaji. Mlango usipungue inchi 32, yaani sentimita 81. Mteremko upande futi 1 kwa kila futi 12 za urefu. Katika choo pawe na vyuma vya kushikilia pande zote mbili, na mlango ufunguke kwa nje. Hili la mwisho lina sababu yake: mtu akianguka ndani ya chumba chenye mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake huuzuia mlango, na mwokoaji hawezi kuingia.

Hata hivyo kiwango kile kilikuwa na upungufu. Chumba cha choo kilipewa upana wa futi 3, yaani sentimita 91. Hapo mwenye kiti cha magurudumu anaingia akitazama mbele, lakini hawezi kuweka kiti chake ubavuni mwa choo ili ajisogeze kutoka kimoja hadi kingine. Baadaye Wamarekani waliongeza upana hadi sentimita 152. Kadhalika kiti cha choo, ambacho mwaka 1961 kiliwekwa kwenye kimo cha inchi 20, kilishushwa hadi kati ya inchi 17 na 19. Tunayaeleza haya ili tusije tukadhani kwamba kipimo kilichokwisha kuandikwa hakirekebishwi tena.

Uingereza ilikuwa na mtu wake. Selwyn Goldsmith alikuwa msanifu majengo kijana alipougua polio mwaka 1956. Mwaka 1963 alitoa kitabu cha kuwafundisha wasanifu wenzake jinsi ya kujenga kwa ajili ya walemavu. Alipomaliza hakukaa ofisini kungoja sifa. Alikwenda katika mji wa Norwich, akawatafuta watu wanaotumia viti vya magurudumu, akawahoji watu 284. Katika kazi yake alilikuta jambo ambalo halikuwa katika vipimo vyovyote. Vyoo vya mjini viligawanywa viwili, vya wanaume na vya wanawake. Na mtu aliyepooza mara nyingi husaidiwa na mume au mke wake. Mume ataingiaje upande wa wanawake? Hivyo Goldsmith akatetea choo cha pekee, chenye mlango wake nje, ambacho mtu yeyote anaingia na msaidizi wake bila kumvunjia mtu heshima. Kwa maoni yetu, wazo hili linafaa kambi yetu kuliko mengine yote. Hapa kwetu mama mlemavu husaidiwa na mwanawe wa kiume, na baba mzee na binti yake, na heshima inayowazuia kuingia pamoja katika vyoo vya jumla ni heshima ya kweli.

Vipimo sasa vilikuwepo. Sheria je? Hapa historia inakuwa ya kuchosha, lakini ina funzo kwa wanaoandika maazimio ya mikutano. Mwaka 1970 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya wagonjwa wa muda mrefu na walemavu, iliyoletwa na mbunge Alfred Morris, ambaye baba yake alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa mlemavu. Sheria ilitaja majengo ya umma, vyoo vya umma, shule na vyuo. Viwanda na ofisi, yaani mahali watu wanapopata mkate wao, havikuwemo! Ilibidi kungoja marekebisho ya mwaka 1976 ndipo sehemu za kazi ziingizwe. Na hata hapo mjenzi alitakiwa kuweka huduma hizo kwa kadiri inavyowezekana na inavyostahili. Kila mmoja wetu aliyewahi kupeleka ombi mahali fulani anajua maneno hayo yanavyotumika. Mwenye jengo ndiye aliyeamua kinachowezekana, na mara nyingi aliona hakiwezekani.

Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka 1968 kuhusu majengo yaliyojengwa au kukodiwa kwa fedha za serikali kuu, lakini chombo cha kusimamia utekelezaji kiliundwa mwaka 1973 tu. Miaka yote hiyo kati, sheria ilikuwepo na hapakuwa na wa kuuliza kama imefuatwa.

Ndipo tunamfikia mwalimu mwenzetu mwingine, na huyu tunaweza kumtaja, kwa kuwa habari zake zinajulikana duniani. Judith Heumann alizaliwa mwaka 1947, binti wa Wayahudi waliotoka Ujerumani wakiwa vijana katika miaka ya 1930. Jamaa zao waliobaki nyuma waliuawa. Wasomaji wa kambi hii hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya nyumba ya namna hiyo. Alipata polio akiwa na umri wa miezi 18. Alipofika umri wa shule, mkuu wa shule alimkataa akidai kwamba kiti chake cha magurudumu ni hatari moto ukitokea. Alisoma hata hivyo, akamaliza chuo kikuu, akaomba leseni ya kufundisha katika jiji la New York. Alifaulu mtihani wa kuandika na wa mdomo. Ukabaki uchunguzi wa daktari. Daktari yule, badala ya kupima afya yake, alimtaka amwonyeshe jinsi anavyokwenda chooni.

Tuliposoma habari hii katika chumba cha walimu, tulinyamaza kwa muda. Mwanamke mwenye elimu kamili, aliyefaulu mitihani yote, anaulizwa jambo hilo kama sharti la kupewa chaki! Na leseni alinyimwa. Mwaka 1970 alishtaki. Kesi iliangukia kwa Jaji Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho nchini mwake, na halmashauri ya elimu ikaona heri ikubali. Heumann akawa mwalimu wa kwanza wa jiji hilo kufundisha akiwa katika kiti cha magurudumu.

Hakuishia hapo. Sheria ya mwaka 1973 ilikataza mpango wowote unaopokea fedha za serikali kuu ya Marekani kumbagua mlemavu anayestahili, lakini haikuweza kufanya kazi bila kanuni, na kanuni zilikaa bila kutiwa sahihi miaka minne, chini ya marais watatu. Tarehe 5 Aprili 1977 walemavu zaidi ya mia moja na wenzao waliingia katika ofisi za serikali mjini San Francisco wakakataa kutoka. Heumann alikuwa mmoja wa viongozi wao. Simu zilikatwa, viziwi wakapeleka habari kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Chama cha Black Panther kikawaletea chakula cha moto. Fikirini watu wasioweza kujigeuza kitandani wanalala sakafuni mwa ofisi karibu mwezi mzima, wakisaidiana kula, kuoga na kwenda haja katika vyoo ambavyo havikujengwa kwa ajili yao. Tarehe 28 Aprili waziri Joseph Califano alitia sahihi kanuni, na siku mbili baadaye wakatoka nje. Sheria pana zaidi, inayowabana hata waajiri binafsi, ilitiwa sahihi tarehe 26 Julai 1990. Heumann alifariki mwezi Machi 2023.

Je, mambo haya ya Marekani na Uingereza yanatuhusu nini sisi tunaopanga foleni ya mgao? Yanatuhusu kwanza kwa sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006, na kifungu chake cha 9 kinataja mahali pa kazi miongoni mwa sehemu ambazo lazima zifikike. Nchi zote za ukanda wetu wa Maziwa Makuu zimeukubali: Uganda na Rwanda mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, Burundi mwaka 2014, na Kongo yetu mwaka 2015. Kongo ilitunga na sheria yake ya kuwalinda watu wanaoishi na ulemavu, ya tarehe 3 Mei 2022. Karatasi si haba.

Yanatuhusu pili kwa sababu watu wetu hawakungoja karatasi ili wafanye kazi. Aliyewahi kufika mpakani kati ya Goma na Gisenyi amewaona walemavu wenye baiskeli kubwa za magurudumu matatu wanazoendesha kwa mikono, zimejazwa magunia hadi huoni anayeziendesha. Kadhalika walemavu wa Kinshasa na Brazzaville wamefanya biashara ya kivuko kwa miaka mingi. Hao ni wafanyakazi. Wanalisha nyumba na kusomesha watoto. Mtu anayesema mlemavu wa kambini hawezi kazi hajafika mpakani.

Tukirudi kambini, viwango ambavyo mashirika ya misaada hujipimia, vilivyochapishwa kwanza mwaka 2000, vilitaka choo kimoja kisizidi watu 20, na shuleni kimoja kwa wasichana 30 na kimoja kwa wavulana 60. Ni kazi nzuri, na tunawashukuru wahudumu waliosimama juani wakichimbisha mashimo mwaka wa kwanza tulipofika. Matoleo ya baadaye ya viwango hivyo yamesema wazi juu ya walemavu. Lakini ripoti zinazobandikwa ubaoni bado zinaandika idadi ya mashimo tu, na katika idadi hiyo choo cha mwalimu mwenzetu kinahesabiwa kama choo kizima.

Mwezi uliopita tulichukua utepe wa fundi cherehani tukazunguka sehemu za kazi. Mlango wa choo cha walimu una sentimita 60. Cha ghala la mgao kina sentimita 65, na kizingiti cha tofali. Cha zahanati ni kipana, lakini njia yake inapita juu ya mfereji wa maji. Hakuna hata kimoja chenye mti wa kushika. Wale wanaotambaa kwa mikono huweka viganja vyao pale ambapo sisi tunakanyaga kwa viatu, kisha wanarudi kazini kugawa unga.

Choo chetu ni cha shimo, si cha bomba, na vipimo vya Illinois havikuandikwa kwa ajili ya shitingi na udongo. Lakini tumekaa na waashi na maseremala wa kambi, na wao hawakuona ugumu. Njia iinuliwe taratibu kwa mawe na udongo ulioshindiliwa, hatua 12 kwa kila moja inayopanda. Mlango uwe na sentimita 80 au zaidi na ufunguke kwa nje. Juu ya bamba la saruji kiwekwe kiti cha mbao chenye tundu, kinachoondoleka ili kisafishwe. Miti miwili imara isimikwe pande mbili kabla bamba halijawekwa, maana ikisimikwa baadaye haitashika. Ndani pawe na nafasi ya mtu wa pili, na kitasa ambacho mkono dhaifu unaweza kukivuta. Maji yawe ndani, chini, mahali mkono unafika. Seremala mmoja alisema tofauti ya mbao kati ya choo hiki na kile cha zamani ni mlango mmoja na kiti kimoja, ila kubomoa kilichokwisha kujengwa ni hasara mara mbili.

Jambo moja hatukukubaliana, nasi tunaliweka wazi. Baadhi ya wenzetu walitaka choo cha walemavu kifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae ofisini, kisije kikachafuliwa na wapita njia. Sababu yao tunaielewa. Lakini mtu mwenye haja hana muda wa kumtafuta mwenye ufunguo, na mlinzi aliyekwenda kula ugali amekwenda na choo. Tumependekeza kila sehemu ya kazi iwe na zamu ya usafi kama ilivyo zamu ya kufagia madarasa, na mlango ubaki wazi.

Kamati imekubali kuanza na vyoo viwili: cha shule na cha ghala la mgao. Shirika linaloshughulikia maji na usafi limeahidi saruji na mabamba. Mawe na nguvu ni vya kwetu. Mashimo yatachimbwa baada ya mvua hizi kupungua. Wenye magongo, wenye viti vya magurudumu, wenye baiskeli za mikono na wanaotambaa, wanaume kwa wanawake, pamoja na wale wanaowasaidia, wanaombwa kufika kwenye ofisi ya Kamati Jumamosi saa tatu asubuhi ili wapimwe na waseme wanavyotaka, kabla mafundi hawajasimika nguzo ya kwanza. Mwalimu mwenzetu wa darasa la tatu amepelekewa habari nyumbani kwake, naye amesema atakuja.